Eugène Jamot: daktari wa ugonjwa wa usingizi, na macho ya watu wa Bafia

Mjini Yaoundé, kule Kameruni, kuna hospitali kubwa yenye kuitwa Hôpital Jamot. Watu wanaenda pale juu ya magonjwa ya kifua na magonjwa ya akili, na wengi hawajiulizi huyo Jamot alikuwa nani. Mzee mwenye anajua historia atakuelezea kwamba alikuwa daktari Mfaransa mwenye alipiganisha ugonjwa wa usingizi, ile tunaita pia malale, wakati vijiji vizima vilikuwa vinaisha. Ni kweli. Lakini ukitoka Yaoundé ukapanda kaskazini karibu kilometa 120, unafika Bafia, na pale jina lake linabeba habari ingine: watu karibu 700 waliopotewa na macho juu ya dawa ya kuwaponesha.

Habari zote mbili ni za mtu mmoja na za kazi moja. Njo maana tumechagua kuhadithia maisha yake katika ukurasa huu, siku hizi watu wanauliza mingi juu ya dawa, chanjo na majaribio ya dawa. Tena, sehemu kubwa ya habari hii inapita kwetu: Brazzaville ng'ambo ya mto, na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo.

Eugène Jamot alizaliwa tarehe 14 Novemba 1879 katika kijiji cha Saint-Sulpice-les-Champs, mkoa wa Creuse, katikati ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima. Creuse ilikuwa mkoa maskini, vijana wake walizoea kuondoka kutafuta kazi mbali. Yeye aliondoka kwa njia ya masomo. Alisoma sayansi, akafundisha shule kule Algeria, kisha akarudi kusoma udaktari Montpellier. Alimaliza mwaka wa 1908, akafanya kazi kidogo kama daktari wa vijijini pale Sardent, karibu na kwao. Kazi ile haikumtosha. Akiwa na miaka karibu 30 akaingia katika jeshi la madaktari wa makoloni, akapitia shule yao ya Marseille, akatumwa Chad.

Kutoka Chad alirudi Ufaransa, akajifunza katika Institut Pasteur ya Paris. Kisha akatumwa Brazzaville, ambako Institut Pasteur ilikuwa imefunguliwa tangu 1908 juu ya ugonjwa huu wa usingizi. Vita ya 1914 ilimkuta njiani. Akafuata askari kama daktari katika vita ya kuwafukuza Wajerumani Kameruni. Mwaka wa 1916 akawa mkubwa wa Institut Pasteur ya Brazzaville.

Tusimame hapa kidogo kwa kueleza ugonjwa wenyewe, sababu vijana wetu wengi, kwa bahati nzuri, hawajauona. Inzi tse-tse anakuuma, anaacha ndani ya damu mdudu mdogo sana mwenye kuitwa tripanosoma. Mara ya kwanza ni homa yenye kuja na kwenda, matezi ya shingo yanavimba, kichwa kinauma. Mtu anaweza kutembea hivyo miezi mingi, hata miaka. Kisha mdudu anaingia katika ubongo. Hapo usingizi unageuka: mchana analala, usiku anatembea. Anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, anakasirika bila sababu, anakonda, na bila dawa anakufa. Ugonjwa ulikuwepo tangu zamani, lakini mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 uliwaka kama moto wa pori. Wakoloni walikuwa wamehamisha watu kwa nguvu: wapagazi, wakata mpira wa msituni, askari, watu wa kujenga njia. Kila mtu aliyetembea na mdudu ndani ya damu alimpelekea inzi wa mahali pengine. Kwa hiyo, ukisikia kwamba wazungu walileta dawa ya usingizi, usisahau pia nani aliueneza ugonjwa.

Wakati Jamot anafika, desturi ilikuwa kuwakusanya wagonjwa katika kambi, kuwatenga, na kungoja. Katika Congo ya Wabelgiji kambi hizo ziliogopwa sana. Kuingia pale ilikuwa sawa na kuingia kaburini. Jamot aliona kwamba njia hiyo haiwezi kuzima ugonjwa. Wagonjwa wengi wako vijijini, bado wana nguvu, hawajui kama ni wagonjwa, na hao njo inzi anawanyonya kila siku. Wazo lake lilikuwa jepesi kwa kusema na zito kwa kufanya: daktari atoke hospitalini, aende na mikroskopi kijiji kwa kijiji, apime kila mtu, na amdunge sindano kila mwenye mdudu.

Alianza katika Oubangui-Chari, nchi yenye leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kutoka 1917 mpaka 1919, pamoja na kikundi kidogo, walipima watu zaidi ya 100,000 na kutibu wagonjwa zaidi ya 5,000. Kwa ile wakati, bila barabara, kwa mguu na kwa mtumbwi, ilikuwa kazi kubwa kabisa.

Dawa yake iliitwa atoxyl. Jina lenyewe lilitaka kusema kwamba haina sumu. Kumbe ndani yake mlikuwa arseniki, sumu yenye watu wanaijua tangu zamani. Atoxyl ilikuwa na kazi mbili. Kwa mgonjwa wa mwanzo, ilisafisha damu. Na kwa kijiji, hata kama mgonjwa hakupona kabisa, damu yake ilibaki bila mdudu kwa muda, na inzi mwenye kumuuma hakupata kitu cha kupeleka kwa jirani. Jamot alishikilia hii kazi ya pili kwa nguvu. Msomaji, uishike na wewe, sababu ina uzito katika yale yatakayofuata: sindano haikuwa ya mtu peke yake, ilikuwa ya kijiji. Unadungwa ili na wengine wakingwe. Sasa mizani ya hatari na faida inapimwa kwa nani?

Tena, hatari ya atoxyl kwa macho haikuwa siri. Tangu 1906 na 1907, Robert Koch, yule Mjerumani maarufu wa kifua kikuu, alikuwa amefanya kazi kwenye visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda. Alipoona dawa haitoshi, alizidisha kipimo. Watu zaidi ya 20 wakawa vipofu, na macho yao hayakurudi. Koch mwenyewe aliandika habari hiyo, na madaktari wa ugonjwa wa usingizi waliisoma. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 20 mbele ya Bafia, hapa kwenye maziwa yetu makubwa, ilikuwa imeandikwa tayari: ukiongeza arseniki, unagusa mshipa wa jicho.

Atoxyl ilikuwa na kasoro ingine. Mdudu akishaingia katika ubongo, haikuweza kumfuata. Mgonjwa wa hatua ya pili alikuwa sawa na mtu aliyehukumiwa kufa. Dawa ya kumfikia ilitoka Marekani. Katika Institut Rockefeller ya New York wanakemia wawili, Walter Jacobs na Michael Heidelberger, walitengeneza kitu kipya chenye arseniki, kikaitwa tryparsamide. Wengine wawili, Wade Hampton Brown na Louise Pearce, wakakijaribu kwa wanyama. Ilibaki kujua kinafanya nini kwa mtu.

Jaribio hilo lilifanyika kwetu. Mwaka wa 1920 Louise Pearce, mwanamke daktari wa miaka 35, alipanda meli peke yake akaja Léopoldville. Alitibu wagonjwa 77. Hakudunga tu na kuondoka. Alifuata damu yao, akatoa maji ya mgongo na kuyapima, akaandika uzito wao, akaangalia kama akili inarudi. Matokeo yalishangaza: watu wenye walikuwa wamekwisha kulala walianza kuamka, kula, kujua majina ya watoto wao. Lakini aliandika pia upande wa pili. Wengine walianza kuona vibaya. Ukisimamisha dawa mapema, mara nyingi macho yalirudi. Ukiendelea, hayakurudi.

Hao watu 77 wa Léopoldville, hadithi ya dawa hii haitaji majina yao. Ile wakati mgonjwa hakuulizwa kama anakubali, hakupewa karatasi ya kusaini. Lakini kile kilichojulikana juu ya hatari ya tryparsamide kilijulikana kupitia macho yao. Faida na onyo vilitoka pamoja, katika jaribio moja.

Mwaka wa 1922 Jamot alipelekwa Kameruni. Ufaransa ilikuwa inatawala sehemu kubwa ya nchi hiyo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa wa zamani, ule wa Genève, na ilipaswa kuandika ripoti kila mwaka. Jambo hilo pia tuliweke pembeni, tutalirudia. Alipoanza kupima watu upande wa Akonolinga na Ayos, aliona msiba: kuna vijiji ambako zaidi ya nusu ya watu walikuwa na mdudu. Alipiga kelele mpaka Paris. Mwezi wa 7, mwaka wa 1926, serkali ya Ufaransa ikamwanzishia misheni ya kudumu ya kupiganisha ugonjwa wa usingizi, makao yake Ayos, yenye bajeti yake, yenye watu wake, na yeye kama mkubwa asiyepita chini ya kila afisa wa wilaya.

Siku ya kazi ya misheni ilikuwa hivi. Chifu anapewa amri, watu wote wanakusanyika asubuhi uwanjani, hakuna kukosa. Mwenye kukimbilia porini anaweza kuadhibiwa. Watu wanapanga mstari. Muuguzi wa kwanza anaandika, wa pili anagusa matezi ya shingo, wa tatu anachoma tezi na kutoa tone. Kwenye meza ndefu wanakaa wenye mikroskopi, jicho moja limefungwa, wanatafuta mdudu mwenye kucheza. Wakimwona, wanamwandika mtu kwa rangi juu ya kifua chake: herufi T, maana yake ana tripanosoma. Kisha maji ya mgongo, kwa kujua hatua, halafu sindano. Kikundi kimoja kiliweza kupita mamia ya watu kwa siku moja. Jamot alikuwa na madaktari wachache tu, wasiozidi 20, na wauguzi Waafrika mamia, wenye walibeba sehemu kubwa ya kazi. Hao wauguzi, kusema kweli, hawajapata hospitali yenye jina lao.

Na ilifanya kazi. Hii tuseme bila kuzunguka. Katika miaka michache wagonjwa wapya walipungua sana upande wa Ayos. Vijiji vyenye vilikuwa vinakufa vilianza tena kuzaa watoto. Misheni ilihesabu wagonjwa zaidi ya 100,000 katika Kameruni. Mataifa mengine yalikuja kuangalia namna Jamot anafanya. Sinema ilitengenezwa juu ya kazi yake.

Lakini angalia kitu gani kilihesabiwa. Daftari za misheni ziliandika watu waliopimwa, watu wenye mdudu, watu waliodungwa. Tarakimu hizo njo zilipanda kwa gavana, zikafika Paris na Genève. Kulikuwa na safu ya mdudu. Safu ya macho haikuwa na nafasi kama hiyo. Kwa kujua kama tryparsamide inamdhuru mtu, ni lazima mtu fulani amuulize kila wiki, kabla ya sindano ifuatayo: unaona vizuri? Hakuna ukungu? Pembeni unaona? Sababu upofu wa dawa hii unaanza hivyo, giza linaingia kutoka pembeni, au vitu vinamulika na kutetemeka. Mtu mwenye anatoka kwenye usingizi wa miezi mingi, akili bado nzito, hatakuja mwenyewe kulalamika. Na hata kama atalalamika, atamwambia nani, kwa lugha gani, wakati mstari ni mrefu na daktari ameshaenda kijiji kingine?

Bafia ilikuwa sekta moja ya misheni, yenye wagonjwa wengi. Daktari kijana, mwanajeshi, alipewa kuiongoza. Kipimo cha tryparsamide kilihesabiwa kwa uzito wa mgonjwa, kila kilo na sehemu yake. Huyo daktari, akifikiri anafanya vizuri, alizidisha kipimo, mara mbili na zaidi ya mara mbili. Alitaka watu wapone haraka. Sindano moja kwa wiki, wiki baada ya wiki, kwa watu maelfu. Tusimwone kama shetani. Mawazo yake hata leo tunayasikia: mama mwenye anampa mtoto vidonge viwili badala ya kimoja, mtu mwenye anaomba muuguzi amdunge ile ya nguvu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sekta nzima mkononi, amri ya serkali nyuma yake, na watu wasioweza kukataa.

Macho yakaanza kuzima. Kwanza wachache, kisha wengi. Mnamo 1930 jambo likajulikana wazi: karibu watu 700 katika sekta ya Bafia walikuwa wamepoteza macho. Jamot alipojua, aliamuru kipimo kirudishwe chini. Kwa wale 700 ilikuwa kuchelewa.

Kuna jambo hapa lenye linanifikirisha mimi mwandishi. Bafia iko katika bonde la mto Mbam, na bonde hilo linajulikana leo kama mahali pa ugonjwa mwingine, upofu wa mto, unaoletwa na inzi wadogo weusi wa maji yenye kukimbia. Maana yake, pengine baadhi ya watu wa bonde walikuwa na macho mabaya tangu mwanzo. Kwa kutenganisha kipofu wa dawa na kipofu wa mto, ulihitaji kitu kimoja tu: macho ya kila mtu yapimwe na kuandikwa mbele ya sindano ya kwanza. Mtafiti yeyote wa dawa leo angeanza pale. Bila ile karatasi ya mwanzo, kila upande unaweza kuvuta hesabu kwake, na mgonjwa anabaki katikati bila ushahidi.

Sasa anguko. Mwaka wa 1931 Ufaransa ilifanya maonyesho makubwa ya makoloni Paris, na Jamot alikuwa mmoja wa watu wa kuonyeshwa kwa fahari. Mwaka huohuo, akiwa ndani ya meli anarudi Kameruni, alishushwa Dakar na kuzuiwa kwa amri ya wakubwa. Mtu mwenye alisifiwa Paris sasa anafungiwa kama askari mkosaji. Bafia ilikuwa imelipuka, na Ufaransa ilikuwa na aibu mbele ya Genève, juu ya ile ripoti ya kila mwaka tuliyosema. Hakurudishwa tena kuongoza misheni yake ya Kameruni.

Je, alionewa? Wafaransa wengi wenye waliandika maisha yake wanasema ndiyo: hakuwa yeye aliyeongeza kipimo, alisimamisha alipojua, na kulikuwa na magavana na maafisa wenye walikuwa wanangoja siku ya kumwangusha, sababu misheni yake ilikuwa serkali ndogo ndani ya serkali. Yote hayo yana ukweli. Lakini mimi naona si yote. Alidai misheni yenye kujitegemea, akaipata. Aliijenga ikimbie, idunge watu wengi kwa siku chache, na daktari mmoja awe mfalme katika sekta yake. Katika mpango kama huo, kosa la mtu mmoja haligusi watu watano, linagusa mia saba mbele ya mtu kuona. Walimwadhibu juu ya aibu ya Ufaransa. Jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa haikuguswa sana. Watu wakaendelea kupangwa mstari na kuandikwa juu ya kifua, kule Kameruni na mahali pengine, miaka mingi.

Yeye hakuacha. Walimpa nafasi Afrika ya Magharibi, akakaa Ouagadougou tangu 1932. Pale wakubwa walitaka kuamini kwamba ugonjwa wa usingizi si shida kubwa. Jamot akaanza tena kupima kijiji kwa kijiji, akakuta wagonjwa makumi ya maelfu. Alitaka misheni yenye kujitegemea kama ile ya Ayos. Wakamkatalia. Akachoka, akarudi Ufaransa, akafungua tena kazi ya daktari wa vijijini pale Sardent, mahali alipoanzia. Alikufa tarehe 24 Aprili 1937, akiwa na miaka 57. Baada ya miaka 2 tu Ufaransa ilianzisha katika Afrika ya Magharibi huduma ya ugonjwa wa usingizi kwa namna yake, chini ya daktari mwingine, Gaston Muraz.

Louise Pearce alimzidi umri. Mwaka wa 1953 serkali ya Ubelgiji ilimpa zawadi pamoja na wenzake juu ya tryparsamide. Alikufa 1959.

Kwa sisi Wakongomani habari haikuishia hapo. Kutoka mwaka wa 1949 ilikuja dawa mpya ya hatua ya pili, melarsoprol, nayo pia yenye arseniki. Wazee wa Bandundu wanaikumbuka: sindano yenye kuchoma mshipa kama moto. Iliponesha watu wengi sana. Lakini kwa kila wagonjwa 100, kati ya 5 na 10 ubongo wao uliwaka juu ya dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walikufa. Muuguzi alijua anapomdunga mgonjwa kwamba pengine anamuua, na hakuwa na kitu kingine. Mwaka wa 1998, wakati vita ilikuwa imevunja kazi ya kupima vijiji, Congo iliandika wagonjwa wapya zaidi ya 26,000, na melarsoprol bado ilikuwa dawa yao.

Ilichukua muda mpaka kupata njia ingine. Kwanza ulikuja mchanganyiko wa vidonge na dawa ya kupitishia mshipani, usio na arseniki, lakini wenye kuomba kitanda cha hospitali na muuguzi wa kuangalia. Kisha ikaja fexinidazole, vidonge tu, siku 10. Jaribio lake kubwa lilifanyika hasa hapa Congo, na sehemu katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa wagonjwa 394 wa hatua ya pili ya juu. Wagonjwa walielezwa na kukubali, wakafuatwa mwaka mmoja na nusu baada ya kumaliza dawa. Matokeo yaliandikwa kwa pande zote mbili: kwa kila wagonjwa 100, vidonge viliponesha karibu 91, wakati ule mchanganyiko wa zamani uliponesha karibu 98. Kichefuchefu na kutapika vilihesabiwa, na vilikuwa mara nyingi. Congo iliikubali dawa hiyo mwisho wa mwaka wa 2018.

Na sababu tofauti ile ya wagonjwa 7 iliandikwa, leo muuguzi wa kijijini ana masharti mkononi. Vidonge vinamezwa na chakula, si tumbo tupu, la sivyo dawa haiingii ya kutosha ndani ya damu. Vinamezwa mbele ya mtu wa afya au mwangalizi aliyefundishwa. Mgonjwa mwenye dalili kali za ubongo anatolewa kwanza maji ya mgongo, na kama ugonjwa umekwenda mbali sana, anapelekwa kwenye ile dawa ya mshipani, mahali ambako vidonge vilionekana kushindwa. Kila siku ya zile 10 mtu anamuuliza amelalaje, amekula nini, ametapika au hapana, na anaandika.